Divai Iliyotuumbua Mwezi wa Kumi

Mwezi wa kumi, Lubumbashi haifai kwa divai nyekundu. Mvua bado haijashuka, vumbi limekaa hadi kwenye kope, mabati yanalia juu ya kichwa kuanzia saa tano, na mtu mwenye akili zake anatafuta bia ya Simba ya baridi kivulini. Mwezi huo ndio niliouchagua kuwaita watu nyumbani kwangu Bel-Air waje tuonje Zinfandel, divai nyekundu ya zabibu za jina hilohilo. Sikuwa na hiari sana. Chupa zilikuwa zimekamilika baada ya kuzikusanya karibu mwaka mzima, na mzee mmoja Muitaliano, ambaye bila yeye shughuli nzima isingekuwa na utamu, alikuwa anarudi kwao kabla ya Noeli.

Nina depo ndogo ya vinywaji. Bia ndiyo inayolipa ada za watoto. Divai inakaa kwenye rafu mbili nyuma ya kiti changu, nyingi zikiwa za Afrika Kusini zilizopanda na malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kabla ya depo nilihudumu mezani miaka 11 katika mgahawa mmoja kule mtaa wa Golf. Huko ndiko nilikokutana na Zinfandel mara ya kwanza, tukakosana siku hiyohiyo. Mteja aliagiza nyama ya kuchoma na chupa moja kutoka California. Nikaifungua kwa adabu zote, nikamwonjesha, akakunja uso. "Mama, umeniletea dawa ya kikohozi." Chupa ikarudi, na bei yake ikakatwa kwenye mshahara wangu mwisho wa mwezi. Nikaapa kwamba divai yenye jina hilo sitaigusa tena.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba divai ile haikuwa na kosa. Tulikuwa tumefundishwa kanuni moja tu: nyeupe inanywewa baridi, nyekundu kwa joto la chumba. Hakuna aliyetuambia chumba kipi. Kanuni hiyo ilizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe ambako watu walikula wamevaa makoti, na joto linalosemwa ni digrii 16 hadi 18. Rafu yetu ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa jiko. Zinfandel ikipata moto wa namna ile, kileo ndicho kinachotangulia kupanda puani, utamu unanata ulimini, na yale matunda yanayosifiwa kwenye lebo yanabaki nyuma kama mgeni aliyekosa kiti. Divai nyingine nyekundu inaweza kuvumilia kidogo. Hii haivumilii, kwa sababu ya jinsi ilivyozaliwa.

Kichala cha Zinfandel hakiivi kwa pamoja. Katika kichala kimoja utakuta punje zilizokwisha kusinyaa, punje zilizoiva sawasawa, na punje za kijani, zote zimebanana ubavu kwa ubavu. Mkulima akivuna mapema, ukijani unaingia kwenye divai. Akiwasubiri wachelewaji, wale wa kwanza wamekwisha kujaa sukari. Wengi husubiri. Sukari hiyo chachu inaigeuza kuwa kileo, ndiyo maana asilimia 14.5 au 15 kwenye lebo si ajabu. Na lebo yenyewe ina ruhusa ya kupepesa macho: sheria ya Marekani inaiachia divai iliyozidi asilimia 14 ya kileo nafasi ya kukosea kwa asilimia moja, juu au chini. Kwa hiyo 15 uliyoisoma inaweza kuwa karibu 16 unayoinywa.

Somo hilo la sukari na kileo sikulipata kwenye divai. Mama yangu alikuwa akiuza munkoyo kule Katuba. Uji wa mahindi unapoa kidogo, mizizi ya munkoyo iliyopondwa inatiwa ndani, na kabla jua halijazama ule uzito wa uji umeyeyuka, kinywaji kimekuwa chepesi na kitamu bila kijiko cha sukari. Siku ya kwanza wanakunywa watoto. Siku ya pili kinaanza kuchacha. Siku ya tatu wanakuja kina papa, na sisi tunafukuzwa. Kila asubuhi mama alitupa kijiko kimoja kimoja kutoka kwenye chungu kilekile, kisha anauliza: "Sukari imeenda wapi?" Hakuwa anatania. Alitaka tujibu imebaki kiasi gani na imegeuka kuwa nini. Hadi leo, mbele ya glasi yoyote, swali langu la kwanza ni hilo la mama.

Jibu la ajabu kuliko yote liko kwenye Zinfandel ya pinki, ile ambayo lebo inaiita nyeupe na macho yanakataa. Mwaka 1975, huko Napa, California, kwenye kiwanda cha Sutter Home, pipa moja la juisi nyepesi ya Zinfandel lilikwama: chachu ilikufa kabla haijamaliza kazi, sukari ikabaki. Bob Trinchero, aliyekuwa mtengenezaji, akaionja, akaiuza hivyohivyo, tamu na ya pinki. Marekani ikaipenda kupita kiasi. Wataalamu wanaicheka mpaka leo, lakini mahitaji yake yaliwafanya wakulima wengi waiache ardhini mizabibu mikongwe ambayo vinginevyo ingeng'olewa kupisha aina za mtindo. Nami niliicheka, mpaka siku ya pilipili, ambayo nitaifikia.

Sasa yule mzee. Ni fundi wa mitambo, amekaa Katanga zaidi ya miaka 30, Kiswahili chake ni cha mtaa wa Kamalondo kabisa. Kila alipokuja depo alisimama mbele ya rafu na kurudia shutuma ileile: kwamba Zinfandel ni Primitivo ya kwao Puglia, kusini mwa Italia, Wamarekani wameichukua, wameipa jina lisilo na maana, wameipika kuwa jamu. Mimi nikawa nasoma usiku kwenye simu ili nimjibu.

Kweli ni mzabibu mmoja. Mwaka 1967 mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Marekani, Austin Goheen, aliiona Primitivo Italia akashangaa kumkuta mtu anayemfahamu. Miaka ya 1990 vipimo vya vinasaba vya Carole Meredith, wa chuo kikuu kule Davis, vikathibitisha. Lakini mzee hakuipenda sehemu iliyobaki. Mmarekani hakuichukua Puglia: miche ilifika pwani ya mashariki ya Marekani miaka ya 1820 kupitia mkusanyiko wa mimea wa kifalme wa Vienna, kisha ikasafiri hadi California wakati wa harakati za dhahabu. Na nyumbani kwake hasa si Italia. Mwaka 2001 Meredith na wenzake wa Zagreb, Ivan Pejić na Edi Maletić, waliipata Kroatia, karibu na mji wa Split, miche michache tu ndani ya shamba la aina nyingine, ikiitwa Crljenak Kaštelanski. Baadaye likafufuka jina lake la kale, Tribidrag.

"Basi si yangu," mzee alisema nilipomaliza kumsomea, "wala si yao."

Mpishi wetu wa zamani kule Golf, aliyekuwa akinisaidia kupanga kreti, hakuona tatizo. "Njo vile, Papa. Mutoto ni wa mwenye alimulea." Katika mji huu ambao karibu kila ukoo umetoka mahali pengine kuja kutafuta kazi ya shaba, hiyo ndiyo sheria, na mzee anaijua.

Siku yenyewe tulikuwa watano: mzee, mpishi, jirani yangu mwalimu anayeimba kwaya, mdogo wangu wa kike, na mimi. Mwalimu alitangaza mapema kwamba divai pekee anayoijua ni ile ya altareni, na hiyo anaiona kwa mbali. Nikamwambia ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Mpwa wangu, dereva wa lori njia ya Kasumbalesa, alikuwa mmiminaji. Ili tusione lebo, alizivalisha chupa soksi zake za mpira, nyeusi na nyeupe za Mazembe, akafunga fundo shingoni. Zilikuwa zimefuliwa, niliuliza mara mbili.

Mpango ulikuwa glasi nne kwa kila mtu. Ya kwanza Primitivo di Manduria, zawadi ya mzee. Ya pili Zinfandel ya bei nafuu kutoka Lodi, California, ambayo mpwa aliinunua Johannesburg. Alileta chupa mbili, moja ya akiba ikiwa nyingine imeharibika kizibo. Ya tatu kutoka Dry Creek Valley, aliyoniletea mhandisi mmoja wa mgodini aliporudi likizo California. Ya nne pia ya Lodi, lakini ya bei kubwa, lebo ikijigamba kwamba imetoka kwenye mizabibu mikongwe. Kila mmoja alipewa karatasi ya kutoa maksi juu ya 20, kama shuleni. Mwalimu asingekubali vinginevyo.

Katikati ya meza niliweka ndoo ya kutemea. Mpwa aliniangalia nikitema mara ya kwanza kama mtu anayeona noti ikichomwa moto. "Tantine, unatema dola?" Nilimweleza kwamba glasi nne za asilimia 15 si glasi nne za bia, na mdomo uliolewa unasifu kila kitu. Hakushawishika. Kila nilipogeuka nilisikia ndoo ikibaki kimya.

Glasi ya kwanza mzee aliitambua kabla haijafika mdomoni. Sikudhani ingewezekana, lakini ndivyo ilivyokuwa: aliinusa, akafumba macho, akataja mji. Alisema Primitivo ya Manduria ina uchungu kidogo mwishoni, kama ganda la lozi, na baada ya kuonyeshwa hata mimi nikausikia. Ya pili tuliitupa sote. Mdogo wangu, ambaye hajui kisa changu cha Golf, akasema, "Yaya, hii ni dawa ya kikohozi." Mzee akasema ni jamu iliyoungua. Maksi: 8, 9, 7, 10, na yangu 8. Ya tatu ilikuwa na ukali mzuri wa kuamsha mate, na pilipili manga kwa mbali. Ikapata 14 na 15.

Ndipo ikaja ya nne. Mpishi aliweka glasi chini, akaichukua tena. Ilikuwa na matunda, lakini yamesimama wima, na ukakasi wake ulipita kwenye ufizi taratibu kama chai nzuri ya rangi. Mwalimu akatoa 17. Mzee aliinua kidole: "Hapa sasa. Huu ni mzabibu wa zamani. Musikilize, mizizi ilishuka chini sana." Tulisikiliza. Niseme ukweli, hata mimi niliisikia hiyo mizizi. Nilitoa 16.

Mpwa akavua soksi. Namba mbili na namba nne zilikuwa pacha. Lebo moja, mwaka mmoja, bei moja. Mezani pakawa kimya. Mzee akaigeuza chupa huku na huku kana kwamba lebo ya kweli imejificha chini.

Kilichotokea ni neno langu moja. Chupa ya bei kubwa nilikuwa nimeilaza kabatini chumbani, sehemu yenye ubaridi kuliko zote nyumbani, nikamwambia mpwa, "Ya nne iko ndani." Yeye akaelewa ndani ya frigo. Na ndani ya frigo kulikuwa na ile chupa ya akiba, nayo imeshavishwa soksi, kwa sababu kijana aliambiwa avishe zote naye akavisha zote. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na kurudi alasiri, kwa hiyo frigo haikuwa baridi ya kweli, ilikuwa na upole tu. Chupa namba mbili ilikuwa imesimama mchana kutwa juu ya kabati la vyombo, karibu na dirisha la magharibi.

Ningeweza kuishia kwenye kicheko, lakini mwalimu ni mwalimu. Akadai uthibitisho. Tukaitia namba mbili kwenye ndoo nyingine yenye maji na barafu, dakika 20 kwa saa yake, kisha mpwa akatumiminia zote mbili upya bila kusema ipi ni ipi. Mdogo wangu alisema ya kushoto, mpishi ya kulia, mzee alikataa kujibu. Tofauti ile kubwa ya maksi ilikuwa imeyeyuka kwenye maji ya bomba. Mzee aliomba arudishiwe karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo, mteja wa depo akinunua nyekundu mwezi wa kumi namwambia aitie frigo nusu saa kabla ya kuifungua. Wengine wananiona nimechanganyikiwa. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa hapa unaposhuka chini ya digrii 10, ushauri ni kinyume: ilaze kwenye sementi, itajitunza yenyewe, na ikizidi baridi ishike glasi kwa viganja viwili. Ikiwa baridi mno ukakasi unapanda na matunda yanajifunga. Hilo nalo nimeliona.

Jambo la maneno lilinichukua muda mrefu zaidi. Lebo zinasema forosadi na matunda ya miiba ya Ulaya ambayo sikuwahi kuyatia mdomoni. Miaka yote ya Golf niliyakariri kwa wateja kama sala ya Kilatini. Usiku ule nilimwomba kila mtu asiandike tunda ambalo hajawahi kula. Mpishi akaandika kwenye Lodi: masuku ya siku ya tatu kwenye kikapu. Ukiwa mtu wa hapa umeshaelewa, nyama ya tunda hilo la porini iliyoiva kupita kiasi, asali kidogo, uchachu kidogo wa kuanza kuharibika. Mdogo wangu akaandika kwenye Dry Creek: moshi wa makala (makaa) asubuhi na pilipili manga. Mwalimu, kwenye Primitivo: sakristia. Nilicheka, halafu nikanusa, na kweli palikuwa na mbao za zamani na nta. Ninaposimama mbele ya wateja sasa nasema masuku, na mkono wao unakwenda kwenye chupa bila kuuliza maana.

Chakula kilitupa aibu nyingine, ndogo zaidi. Nilikuwa nimepika sombe ya majani ya muhogo yenye ndagala kavu, wale samaki wadogo, pamoja na bukari, ugali wetu. Divai nyekundu na ndagala hazipatani hata kidogo: madini ya chuma yaliyomo ndani ya divai yakikutana na mafuta ya samaki, mdomo unabaki kama umelamba shaba. Katika mji huu hatuhitaji kuongezewa. Michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, ilifaa vizuri, chumvi na mafuta ya mbuzi yakilainisha ukakasi, mpaka mpwa alipoipaka pilipili yake. Kileo cha asilimia 15 juu ya pilipili ni petroli juu ya makala. Ndipo nikakumbuka chupa ya pinki iliyokuwa imebaki frigo, ile tunayoicheka. Kileo chake kama asilimia 10, sukari yake haijaenda popote, ubaridi wake wa wastani. Ikazima moto kinywa kwa kinywa. Mzee aliinywa akiangalia pembeni, akaongeza.

Chupa ya mizabibu mikongwe niliifungua peke yangu na mpishi mwezi wa sita uliofuata, baada ya kuilaza sementini. Ilikuwa nzuri. Ndefu mdomoni, tulivu, ukali wake umekaa mahali pake. Je, ilistahili bei mara tatu ya ile nyingine? Ningeipa 16, sawa na niliyoipa pacha wake wa frigo. Nimejifunza pia kwamba Marekani hakuna sheria inayosema mzabibu uwe na miaka mingapi ndipo lebo iuite mkongwe. Wengine wanamaanisha miaka zaidi ya 100, wengine wanamaanisha kitu kingine, na chupa haikwambii.

Mzee alituma ujumbe kutoka Puglia wiki iliyopita: ameonja Zinfandel ya California huko kwao, dukani, kwa hiari yake, na ilikuwa na joto mno. Mpwa naye amepiga simu kutoka Johannesburg. Ameona Zinfandel ya Afrika Kusini, ya Blaauwklippen kule Stellenbosch, anauliza alete ngapi. Nimemwambia alete mbili zinazofanana. Soksi anazo. Kumimina, safari hii nitamimina mwenyewe.